Mtindi wa Kigiriki wa Bwana Kiboko

Paukwa!

— Pakawa!

Natikisa kibuyu!

— Tik-tik-tik!

Kimejaa au kitupu?

— Mimina tuone!

Haya, namimina. Na wewe uliyeegemea ukuta, keti vizuri. Hadithi yangu haimiminwi kwenye kikombe kilichoinama.

Hapo zamani wanyama wote walikuwa na adabu isipokuwa mmoja. Huyo mmoja nitamfikia. Mimi huanza na walio bora.

Palikuwa na Bi Nguchiro. Mwili mdogo, mkia mrefu, macho yasiyosinzia. Alikuwa na mbuzi wanne wa maziwa. Usiniulize mnyama anafugaje mnyama. Hii ni ngano, ukitaka mengine nenda kwa bwana mifugo.

Mtindi wa Bi Nguchiro ulikuwa mtindi. Kwanza aliosha kibuyu, akakifukiza moshi mpaka kikanukia. Akatia maziwa, akaziba. Siku ya tatu akafungua, pu! Harufu yake ilivuka mto kabla yeye hajavuka. Akajitwisha kibuyu kichwani, akaenda zake bila kukishika.

"Bi Nguchiro, hakitaanguka?"

"Kianguke! Kwani hakinijui mimi ni nani?"

Ndivyo alivyokuwa. Mdogo, lakini shingo yake haikujua kuinama.

Sasa, kwake mtindi ulikuwa wa aina mbili. Wa kwanza ulitoka kibuyuni ukanywewa vivyo hivyo, laini, unateleza. Wa pili aliumimina kwenye kipande cha kanga, akafunga ncha nne, akautundika mlangoni. Maji yakadondoka kwenye chungu: to, to, to! Kulipokucha, ndani ya kanga umebaki mtindi mzito, mweupe, ukichomeka kijiti kinasimama wima kama askari. Na ndani ya chungu yamebaki maji membamba ya kimanjano. Maji hayo aliyamwagia mboga. Angewapa kuku, lakini kuku na nguchiro, tuyaache hayo.

Mzito ule ulikuwa chakula cha wazazi. Mama mwenye kichanga akila kijiko kimoja asubuhi, mchana unamkuta ameshiba, na titi linajaa. Mtindi mzito unakaa tumboni kama mgeni aliyetoka mbali. Maji yake yanapita kama jirani aliyekuja kuomba moto.

Basi, binti yake Bi Nguchiro, jina lake Mwanakombo, alijifungua ng'ambo ya mto. Watoto sita! Na desturi ni kwamba mzazi hatoki ndani mpaka arobaini ziishe, na mama yake ndiye wa kumlisha. Bi Nguchiro akajitwisha kibuyu, akashuka mtoni.

Na kivukoni nani kalala? Ndiye yule asiye na adabu. Bwana Kiboko.

Kivuko kile kilikuwa cha mawe, hata sisimizi alivuka. Lakini Kiboko alilala juu ya mawe, kichwa huku, matako kule, katikati tumbo.

"Hodi, Bwana Kiboko. Nipishe nimpelekee mzazi chakula."

"Kibuyuni mna nini?"

"Mna mtindi."

"Lete nionje."

Akafungua domo, gu-gu-gu-gu! Akarudisha kibuyu kitupu.

"Umekosa chumvi," akasema. Akalala.

Siku ya pili, hodi Bwana Kiboko, lete nionje, gu-gu-gu-gu! Siku ya tatu, hodi Bwana Kiboko, lete nionje, gu-gu-gu-gu! Siku hiyo sauti ya Mwanakombo ikasikika kutoka ng'ambo: "Mama! Titi langu kavu! Watoto wanalia nyii-nyii, na mmoja sasa hata kulia hawezi!"

Bi Nguchiro akasimama ukingoni na kibuyu chake kitupu. Hakulia, maana machozi hayanyonyeki.

Akasema, "Bwana Kiboko, mtindi wangu umeupenda."

"Nitaacha kuupenda hivi karibuni," akasema Kiboko, na akahema kwa huzuni mpaka mawimbi yakapiga ukingo. "Nataka kuoa."

"Kumbe! Nani mwenye bahati?"

"Ruzuna, binti wa Mzee Twiga. Lakini mlango wa Mzee Twiga unaujua?"

Nani hakuujua? Twiga hujenga kwa kipimo chake: mlango mrefu unaopita mawingu, mwembamba unaobana upepo. Na desturi ya kwa Twiga ni kwamba bwana harusi haingii kwa uani wala hasukumwi. Anaingia mwenyewe kwa mlango wa mbele. Na akishaingiza kichwa, harudi nyuma. Akirudi nyuma, amemkataa mwari mbele ya watu, na harusi imekufa.

"Harusi ni siku ya arobaini kutoka juzi," akasema Kiboko. "Na mimi, unavyoniona..."

"Nakuona," akasema Bi Nguchiro. "Kukuona hakuna shida."

"Korongo kaniambia kuna dawa. Yeye huenda mbali kila mwaka, kuliko na baridi. Anasema huko kwa Wagiriki wana mtindi wao, mtindi wa Kigiriki. Anayeula badala ya huu wa kawaida hukonda akawa kama tete. Wewe unaujua?"

Bi Nguchiro akatikisa mkia. "Korongo alikuambia unafananaje?"

"Hakuwahi. Aliruka."

Nyinyi mlioketi hapa, mmeshajua mtindi wa Kigiriki ni upi? Ni ule uliochujwa. Ni ule wa kwenye kanga! Bi Nguchiro alijua mara moja, na roho ikamchoma. Wa Kigiriki! Mama yake kachuja mtindi, bibi yake kachuja mtindi, kabla Mgiriki hajajua mbuzi ana chuchu ngapi! Alitaka kuyasema hayo yote. Akayameza. Kuna siku mtu humeza fahari yake ili mjukuu apate cha kumeza.

"Naujua sana," akasema. "Ndio ninaotengeneza. Huu uliokuwa unaninyang'anya ni wa kawaida tu. Wa Kigiriki hauufikii hata kwa ngazi."

"Basi wa Kigiriki ukoje?"

"Bwana, wewe ni mwenye akili. Kitu kizito kikiingia mwilini kinafanya nini?"

"Kinafanya... uzito."

"Na chembamba?"

Kiboko akafikiri. Akafikiri tena. "Wembamba!"

"Umesoma wapi, bwana wangu! Wa Kigiriki ni mwembamba kama maji. Nitakuletea kesho chungu kizima."

"Na ule mzito wa kawaida?"

"Takataka hiyo! Nitampa binti yangu tu, nifanyeje, sisi maskini."

"Mpe, mpe!" Kiboko akacheka, mawe yakatetemeka. "Anenepe yeye!"

Jioni Bi Nguchiro akamimina mtindi kwenye kanga, akafunga ncha nne, akatundika. Akaimba, nanyi mniitikie:

Churuzika, churuzika!

— To, to, to!

Maji yaende kwa bwana!

— To, to, to!

Mzito ubaki kwa mwana!

— To, to, to!

Asubuhi akashuka mtoni, kibuyu kichwani, chungu mkononi. Kiboko akanywa chungu, gu-gu-gu-gu! Akakunja uso.

"Mchachu."

"Ndio Ukigiriki huo."

"Tumbo linanguruma."

"Mafuta yanahama, bwana. Yanaaga. Lakini dawa hii bila mazoezi haifanyi kazi. Inafaa uvuke mto ukiwa na mzigo mwepesi mgongoni. Kwenda na kurudi."

"Mzigo gani?"

Bi Nguchiro akatazama huku, akatazama kule. "Sioni mzigo mwepesi hapa. Labda mimi."

Akapanda. Mwenzangu, tangu dunia iumbwe nguchiro hajawahi kuvuka mto hivyo! Miguu mikavu, mkia juu, kibuyu kichwani bila kushikwa, na chini yake Kiboko anahema, fuu! fuu! Ndege wakaacha kula wakatazama.

"Bi Nguchiro, leo unaendeshwa?"

"Mnaona nini nyie? Mgonjwa anafanya mazoezi."

Mwanakombo akala mtindi mzito kijiko kimoja. Titi likajaa. Watoto wakanyonya, nyonyo-nyonyo, wakalala. Yule asiyeweza kulia akalia, na bibi yake akasema, "Alhamdulillahi, anatukana."

Siku ya pili, churuzika, to, to, to! Maji kwa bwana, mzito kwa mwana. Siku ya tatu, churuzika, to, to, to! Maji kwa bwana, mzito kwa mwana. Kiboko akajaa majivuno. Akikutana na Nyati, anasema, "Nyinyi bado mnakunywa huu wa kienyeji? Mimi siku hizi ni Kigiriki tu."

Lakini maji ni maji. Akishakunywa, njaa inamuuma mara mbili. Basi anapanda ukingoni anakula majani, kwaru-kwaru-kwaru, anamaliza bonde zima, anarudi anakunywa Kigiriki chake ili akonde. Nimeona watu wa namna hiyo. Hawakuwa viboko.

Siku ya kumi akasema, "Bi Nguchiro, nimekonda?"

Swali zito hilo. Bi Nguchiro hakutaka kusema uongo mwingine kwa mdomo, akaenda kutafuta kamba. Akaleta kamba ya ukindu, akamzungushia tumbo, akafunga fundo, ikatosha sawasawa. Akamwambia, "Tutapima kila siku. Mdomo wa mtu unapendelea, kamba haina shangazi."

Na kila jioni, mtindi unadondoka to, to, to, yeye anasuka. Kiboko akinenepa kidole, kamba inarefuka shubiri. Asubuhi anamzungushia, ncha inabaki inaning'inia.

"Tazama, bwana! Jana ilitosha, leo imezidi!"

"Nimepungua!" Kiboko anaruka, chubwii! Samaki wanatua juu ya miti.

Siku ya thelathini akawa na shaka kidogo. "Bi Nguchiro, mbona tumbo langu linaburuzika mchangani? Zamani nilikuwa nikielea hapa."

"Kiangazi, bwana. Mto ndio umepungua. Wewe na mto mnakonda pamoja."

"Mto nao unakunywa Kigiriki?"

"Unadhani kwa nini ni mwembamba hivyo?"

Kiboko akaridhika.

Siku ya harusi ikafika. Wanyama wote wakaenda kwa Mzee Twiga. Bi Nguchiro alikuwa amevaa kanga mpya, si ile ya kuchujia. Kabla ngoma haijaanza, Ruzuna akainamisha shingo yake yote, kutoka juu mpaka chini, akamnong'oneza: "Bibi, baba amekwisha kukubali. Ameona akiwa na mkwe Kiboko mto wote utakuwa wetu. Mimi simtaki. Mlango ukimwacha apite, nimekwisha."

"Mwanangu," akasema Bi Nguchiro, "mlango wa baba yako nauheshimu sana. Haujawahi kusema uongo."

Kiboko akaja. Kajipaka tope la kunukia. Kajifunga ile kamba tumboni, ncha inaburuzika nyuma yake kama mkia wa gauni la bibi harusi, ili watu waone alivyopungua.

"Nimekonda kama tete!" akanguruma. "Tazameni kamba!"

Watu wakatazama kamba, wakatazama tumbo, wakatazamana.

Akaingiza kichwa. Kikapita. Akaingiza shingo, ikapita, maana hana. Akaingiza mabega, yakakwaruza, kwaru! Akaingiza tumbo.

Kwaa!

Wageni wakageuka mlangoni.

"Karibu, mkwe," akasema Mzee Twiga kutoka ndani. "Mbona umesimama?"

"Naisalimu nyumba," akasema Kiboko.

Akasukuma, ng'o, hasogei. Kurudi nyuma harusi inakufa. Akabaki hapo, nusu mgeni wa ndani, nusu mgeni wa nje.

Na ndani, kati ya wageni, nani kasimama kwa mguu mmoja? Korongo! Karudi jana kutoka kwenye baridi.

"Bwana Kiboko! Ule mtindi uliupata?"

"Niliupata. Kila siku chungu kizima. Mwembamba safi, kama maji."

"Mwembamba?" Korongo akagonganisha mdomo, ka-ka-ka-ka! "Wa Kigiriki ni mzito, bwana! Ni uliochujwa, kijiko kinasimama! Ule ndio unaoshibisha, mtu akala kidogo akaacha. Kinachodondoka chini ni maji ya kumwagia mboga!"

Nyumba nzima ikacheka. Hata bibi harusi.

"BI NGUCHIRO!" Kiboko akanguruma mpaka nyasi za paa zikapukutika. "Uko wapi?"

"Niko nje, bwana. Huku unakoishia."

"Ulinidanganya! Kamba ilisema nimepungua!"

"Kamba haina kosa. Ilikua kila ulipokua. Mmelelewa pamoja."

"Nikitoka hapa nitakukanyaga uwe uji!"

"Ukitoka," akasema Bi Nguchiro. "Kwanza toka."

Akajipangusa vumbi kwenye kanga mpya, akaenda zake mtoni. Kivuko kilikuwa wazi. Mawe yote yalikuwa yanaonekana, moja, moja. Akavuka kwa miguu yake mwenyewe. Siku ileile arobaini za Mwanakombo zikaisha. Akatoka ndani, kanyooka, kiuno kama uzi, maana mzito ule ulimshibisha bila kumjaza, na nyuma yake wajukuu sita, mashavu kama maandazi. Wakavuka kwa mstari. Kila aliyewaona akauliza, "Hawa wamelishwa nini?" Bi Nguchiro akajibu, "Wamelishwa na mimi."

Na Kiboko? Akakaa mlangoni siku ya kwanza bila kula. Siku ya pili bila kula. Siku ya tatu, siku ya nne. Mzee Twiga na watu wake wakawa wanatoka kwa dirisha. Siku ya saba, kumbe tumbo limelegea! Amekonda kweli. Hakukonda kwa Kigiriki wala kwa kienyeji. Alikonda kwa mlango.

Ruzuna akatoa shingo dirishani, akaita, "Bibi! Amebakiza hatua moja! Akivuta pumzi anaingia!"

Bi Nguchiro akaja mbio. Akakaa nyuma ya Kiboko. Akatoa kibuyu kilichofukizwa vizuri, akafungua kizibo. Pu!

Harufu ikapita chini ya tumbo, ikapita kati ya miguu, ikafika puani kwa Kiboko. Pua ikatikisika. Mbele yake mke, hatua moja. Nyuma yake mtindi, hatua moja. Siku saba hajatia kitu mdomoni.

Mnadhani alikwenda wapi?

Vuup! Akachomoka kinyumenyume, ndii! Akaketi. Akageuka, akanyakua kibuyu, akafungua domo lote, akakipindua.

Hamna kitu. Harufu tu. Mtindi ulikuwa umeshaliwa na wajukuu asubuhi.

"Amerudi nyuma!" wanyama wakapiga kelele. "Amemkataa mwari! Harusi imekufa!"

Mzee Twiga akafunga mlango. Ruzuna akacheza ngoma peke yake ndani, kichwa kikigonga dari.

Kiboko akataka kumkanyaga Bi Nguchiro kama alivyoahidi, lakini siku saba bila kula, mguu haukunyanyuka. Na watu wote walikuwa wanamtazama. Aibu ikamshika. Akakimbilia mtoni, akapita kivuko, akaenda kujitosa kule kwenye kina, chubwii! Akabaki nje macho na matundu ya pua. Mpaka leo yuko hivyo. Na ukimwona anaachama domo mpaka unaona koo, hapigi miayo. Bado anasubiri kibuyu kile kimiminike.

Hadithi imeisha, lakini ngano bila fundisho ni kibuyu bila kizibo. Basi sikilizeni fundisho.

Watoto, msiwadanganye wakubwa. Bi Nguchiro alimdanganya mkubwa, na adhabu yake mmeiona: ana wajukuu sita wanene, kivuko kiko wazi, na mnyama mkubwa kuliko wote wa mtoni amekuwa mtumbwi wake karibu arobaini nzima. Adhabu kali hiyo. Mimi naiomba kila siku bado haijanipata.

La pili, kwa wale wanaonijia hapa kuuliza, bibi, nikitaka kupunguza mwili nile mtindi upi, wa Kigiriki au wa kawaida? Jibu ni hili: wowote ule, mradi uliwe na mwenzako. Niachieni mimi.

Kibuyu kimefika sakafuni. Ukiuona mtamu, mkono ni wangu. Ukiuona mchachu, ulimi ni wako.

— Tik!